Jina la Baba Kwenye Orodha ya Wafu

Sagalla, Jumapili, 3 Oktoba 1954

Daftari hili lilibaki nilipomaliza kuwagawia watoto wa darasa la nne, na kwa kuwa mende wamekula kurasa zake mbili, hakuna aliyelitaka. Nimelichukua mimi. Nitaandika humu muhula huu wa mwisho, kidogo kidogo, hata siku zisizo na neno.

Leo jua. Mawingu yalikaa juu ya Voi mpaka saa nane, yakaondoka zao. Kanisani tumeomba mvua, na Baba ndiye aliyeongoza sala. Baba hapazi sauti kama wazee wengine wa kanisa. Anazungumza na Mungu kama mtu anayemwomba jirani jembe, huku akiwa tayari kuambiwa hapana. Tangu Mama alipofariki tumebaki wawili nyumbani, na bado sijachoka kumsikiliza akiomba.

Jumanne, 5 Oktoba

Jua. Watoto watatu hawakuja, wameshuka bondeni kuchota maji.

Alhamisi, 7 Oktoba

Baada ya shule nilimpelekea Nyanya Wakio debe la maji. Si nyanya yangu wa damu. Ni jirani yetu, lakini nimekua nikimwita hivyo. Mume wake, Mwandawiro, alichukuliwa mwaka wa 1916 na jeshi la wapagazi, lile ambalo wazee wanaliita Kariakoo, akabebe mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Hakurudi, wala habari yake haikurudi. Ni miaka thelathini na minane. Ukimwuliza Wakio atakwambia, "Bado hajafika." Jamaa walitaka arithiwe na shemeji yake, akakataa. Hana mtoto.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza Baba kwa nini tunalima kwa Wakio kabla ya kulima kwetu. Alinijibu, "Yeye hana mtu." Nilijivunia kuwa na baba wa namna hiyo.

Wakio peke yake ndiye anayemwita Baba kwa jina lake la zamani, la kabla ya ubatizo. Wengine wote wanasema Mzee Zephaniah.

"Maghanga hajambo?" aliniuliza leo.

"Hajambo, Nyanya."

"Mwambie paa alilotengeneza limeshika. Sasa imebaki hiyo mvua yenyewe."

Jumamosi, 9 Oktoba

Nilishuka Voi kuchukua chaki, nikaitwa ofisi ya serikali. Karani wa pale, Bwana Mulei, ni Mkamba wa Kitui, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinieleza kwamba Jumapili ya tarehe 14 Novemba kutakuwa na ibada kwenye makaburi ya wanajeshi, kama kila mwaka. Lakini mwaka huu, kwa kuwa ni miaka arobaini tangu vita vile vianze, DC anataka wapagazi pia wakumbukwe. Nairobi wataleta majina ya watu wa mlima wetu waliokufa. DC anatafuta mwalimu wa kuyasoma kwa Kiswahili kizuri.

"Nimetaja jina lako," alisema. "Kama nimekosea, nisamehe."

Tulikwenda kuyaona makaburi. Mawe yamepangwa sawasawa, kila jiwe na jina la kijana wa Uingereza au Afrika Kusini. Nilizunguka kote nikitafuta jina moja la kwetu.

"Usijichoshe, Mwalimu," Mulei aliniambia. "Hata wajomba zangu wawili nimewatafuta. Sisi hatuna jiwe. Labda mwaka huu tutapata sauti."

Tulipokuwa tunarudi malori mawili yalipita yakielekea kambi ya wafungwa ya Manyani, yamejaa watu waliokaa chini na mikono kichwani. Nikamwuliza Mulei kama vita hivi vya sasa navyo vitakuja kuwa na Jumapili yake. Alitazama nyuma kwanza.

"Hivi si vita, Mwalimu. Hii inaitwa Hali ya Hatari. Ofisini nimekatazwa kuandika neno vita."

Jumatano, 13 Oktoba

Upepo tu. Vumbi kwenye chai.

Jumapili, 17 Oktoba

Baada ya ibada watu walibaki uani kubishana kuhusu ile tarehe 14. Elijah, kijana anayefanya kazi stesheni ya Voi, alisema tusiende.

"Miaka arobaini hawakutujua. Leo wanatukumbuka kwa sababu wamejaza watu Manyani na wanataka kuonyesha kwamba sisi ni wazuri, wale ni wabaya. Tukienda tunawapigia makofi."

Wengine walisema ni heshima, mtoto hakatai heshima ya babu yake. Kelele zikawa nyingi mpaka Mzee Reuben akagonga mkongojo chini. Mzee Reuben alichukuliwa mapema, mwaka wa 1915, kutandika reli ya Maktau, kisha akabeba mizigo mpaka alipovunjika mguu.

"Nyinyi mnasema wapagazi walikwenda vitani," alisema. "Hatukwenda. Tulipelekwa. Mtu anayekwenda anaaga. Kule Mzungu akifa walisimama, wakapiga tarumbeta. Mpagazi akifa tuligawana mzigo wake, tukaendelea. Mimi nataka kusikia majina. Anayetaka kuyasoma na ayasome, hata akiwa shetani, mimi nitakwenda kusikiliza."

Nilimtazama Baba, maana watu hungoja neno lake. Alikuwa anafuta kofia yake vumbi kwa mkono, akaifuta, akaifuta.

Jumanne, 19 Oktoba

Jua. Mbuzi wa jirani amezaa pacha.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mulei amenipa orodha. Ni karatasi moja iliyopigwa kwa mashine, majina kumi na moja, kila moja na jina la baba, mahali alipotoka, mahali alipofia, na mwaka. Niliisoma nikipanda mlima, taratibu, ili nizoee. Jina la saba likanisimamisha njiani.

*Maghanga wa Mwanjala. Sagalla. Kilwa, 1917. Kuhara damu.*

Maghanga wa Mwanjala ni Baba. Hakuna mwingine, si mlima huu. Babu yangu Mwanjala alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Nilicheka peke yangu, nikasema makarani hawa! Nikaharakisha nyumbani nikamchekeshe.

Alikuwa anakunywa uji. "Baba, Nairobi wamekuzika!" nilimwambia. "Umekufa Kilwa kwa kuhara, na mimi ndiye nitakayekusoma."

Hakucheka. Aliweka kikombe chini pole pole kama kinachoweza kuvunjika, nacho ni kikombe cha bati. Akatoka kwenda kwa mbuzi, na mbuzi alikuwa ameshawafungia.

Jumapili, 24 Oktoba

Baba hakuja kanisani. Amesema mgongo.

Jumanne, 26 Oktoba

Mvua! Ilianza saa tisa, watoto wakatoka darasani bila ruhusa na mimi nikatoka nao.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mvua ya siku tatu. Darasa la kwanza linavuja, tukafunga shule saa sita. Nilimkuta Baba shambani anapanda mahindi peke yake. Nikachukua mbegu nikamfuata nyuma. Yeye anachimba shimo, mimi natia punje tatu, nafukia kwa mguu. Tulimaliza mistari miwili bila neno. Mstari wa tatu akaanza kusema bila kugeuka.

"Ile orodha haina kosa. Yaani kosa lipo, lakini si la karani."

Nilifukia shimo.

"Babu yako alikuwa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Aliambiwa atoe watu kumi na wawili. Kwenye baraza bwana wa serikali alininyooshea fimbo mimi, akasema huyu ana mabega. Jina langu likaandikwa. Siku ya kuondoka nilikuwa na homa."

Alichimba shimo. Nikatia punje.

"Mwandawiro alikulia kwetu. Wazazi wake walikufa kwa njaa akiwa mchanga, tukachunga mbuzi pamoja, tukalala ngozi moja. Alikuwa ameoa miezi minane tu. Baba akamwita, akamwambia, nenda ukaitikie jina la mwenzako. Ni mpaka Maktau tu, maharage hayatakomaa kabla hujarudi. Naye hakubisha. Angebishaje? Alikula kwetu."

"Na wewe, Baba?"

"Nilikuwa nimelala ndani. Nilisikia jina langu likiitwa uani. Nikamsikia yeye akiitikia."

Mvua ndogo ilikuwa ikitunyeshea na hakuna aliyejali.

"Homa iliniacha siku ya tatu," alisema. "Wale watu walikuwa bado Voi. Walikaa wiki nzima wakingoja mizigo. Kutoka hapa ni saa mbili kwa miguu."

"Hukushuka."

"Sikushuka."

Karatasi ya kifo ilikuja mwaka wa 1918, ule mwaka wa njaa. Ilikuja kwa hedimani: Maghanga wa Mwanjala amekufa. Babu akaitia motoni, kwa sababu serikali ingejua kwamba Maghanga yu hai ingemchukua, na Babu angefungwa. Wale waliosimama uani siku ile ndio hao hao walioondoka. Wanne walirudi, nao walimwogopa hedimani, na sasa wote wamekufa. Wakio mwenyewe alikuwa shambani. Alijua mume wake amechukuliwa. Kwa jina gani, hakuambiwa.

"Siku ile karatasi inaungua," Baba alisema, "Wakio alipita akienda kisimani. Alitusalimu."

"Babu alikufa lini?"

"Elfu moja mia tisa ishirini na moja."

"Basi tangu hapo ni wewe."

Ndipo akageuka. "Tangu hapo ni mimi."

Nilikuwa na punje tatu mkononi. Nikazitia shimoni nikafukia, maana sikujua la kufanya lingine.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nilipika, tukala. Leo sikumwita Baba hata mara moja. Nilipanga maneno yangu yasihitaji jina.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimekwenda kwa Mulei nikamweleza yote. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, labda kwa sababu hakunijua utotoni. Alivua miwani akaishika.

"Mwenye jina anaweza kuapa," alisema. "Aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake, nitaandika, nitampelekea DC. Bila yeye mimi siwezi kubadili hata herufi."

Kisha akasema, "Mwalimu, usiwe mkali sana kwake. Mimi nimekaa na mafaili miaka tisa. Watu wengi hawasemi kabisa."

Njiani nilifikiria kila debe la maji nililombebea Wakio. Nilidhani nabeba huruma ya baba yangu. Kumbe nilikuwa nabeba nini?

Jumatano, 3 Novemba

Mvua. Mahindi yameanza kuchomoza, sawasawa, mstari kwa mstari. Hata ule wa tatu.

Jumamosi, 6 Novemba

Nilimwambia leo, nikisafisha sufuria ili nisimtazame.

"Jumapili ijayo nitasoma jina lako. Watu watacheka, watasema Nairobi wamekosea. Na Wakio atarudi nyumbani kungoja."

"Nipe mpaka Krismasi," alisema.

"Hata mwaka Babu alipokufa ulisema hivyo?"

"Kila mwaka nimesema mwaka huu." Alikaa kwenye kizingiti. Nimeona leo kwamba shingo yake imekuwa nyembamba, kola ya shati inamzunguka kama si yake. "Priscilla, mimi siogopi kanisa. Hata uzee wa kanisa wakininyang'anya. Naogopa uso wake tu. Kwa miaka yote hii ananitazama vizuri."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nikaacha sufuria, nikakaa naye kizingitini, mkono wangu una majivu.

"Tutakwenda pamoja, Baba," nilisema. Ndiyo mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kumwita hivyo. Akainamisha kichwa.

Jumanne, 9 Novemba

Tulimkuta Wakio anapukuchua kunde za mbegu. Baba alivua kofia, hakukalia kigoda alichopewa, akakaa chini. Alisema yote, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi, na hakumsingizia Babu kitu. Wakio hakuacha kupukuchua. Alipomaliza ganda moja akachukua lingine.

"Kilwa ni wapi?" aliniuliza mimi.

"Pwani ya Tanganyika, Nyanya. Mbali."

"Kuna maji?"

"Kuna bahari."

"Hakupenda maji mengi," alisema.

Sijawahi kumsikia akisema habari za Mwandawiro kama mambo yaliyopita.

"Karatasi ilikuja lini?"

"Mwaka wa njaa," Baba alisema. "Mwezi wa nane."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ningekuwa na watoto sasa, Maghanga. Ningekuwa na wajukuu."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," Baba alisema.

"Umeniezekea nyumba hii mara ngapi?"

"Mara sita."

"Kila ulipokuwa juu ya paa, mimi nilikuwa hapa chini nakushukuru." Sasa mikono yake ilikuwa imesimama. "Unasikia? Nakushukuru. Nakuombea. Ondoka. Mtoto mwache."

Baba aliondoka na kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani. Sikuwahi kumwona mtu akitembea vile. Wakio alingoja mpaka akatokomea.

"Lete wembe," aliniambia. "Uko pale juu ya ukuta."

Nilimnyoa. Nywele zake ni nyeupe na laini kama za mtoto mchanga, zikaanguka juu ya maganda ya kunde. Nilikuwa nalia na nilikuwa naogopa kumkata. Yeye hakulia. Alinishika goti tu ili asitikisike. Nilipomaliza alijipapasa kichwa chote, mbele na nyuma.

"Leo nimefiwa," alisema. "Nenda kawaambie watu."

Jumatano, 10 Novemba

Watu wamejaa kwa Wakio. Wamekuja na unga, na kuni zilizolowa. Wanawake wanamlilia mtu ambaye wengi wao hawakumwona. Baba amekaa nyumbani peke yake. Hakuna aliyemtupia jiwe. Hakuna aliyemwita pia.

Alhamisi, 11 Novemba

Wakio ameniita. "Wazee wa zamani walipokufa walikuwa na mahali pao kwenye mwamba," alisema, "na sisi wa kanisani tuna msalaba. Yeye hana chochote hapa. Nitakwenda kwa hao Wazungu. Nataka jina lake litajwe mbele ya watu, nilisikie kwa masikio yangu."

Ijumaa, 12 Novemba

Baba alishuka Voi peke yake alfajiri, akaapa mbele ya Mulei. Jioni jibu likaja kwa barua fupi: hakuna wakati wa uchunguzi, majina yasomwe kama yalivyoletwa.

Jumapili, 14 Novemba

Tuliondoka mapema kwa ajili ya Wakio. Anatembea vizuri, ila kwenye mteremko wenye utelezi alihitaji watu wawili. Mimi nilimshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto hakuna aliyeushika mpaka tulipofika mahali pabaya zaidi, maji yanakata njia. Baba, aliyekuwa nyuma yetu hatua ishirini, akaja akasimama upande ule na kunyoosha mkono bila kusema. Wakio aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akaushika, akavuka, akauachia.

Makaburini walikuwepo Wazungu na nguo nyeusi, askari wenye bunduki, watoto wangu wa shule wamepangwa na kaptula zao zilizofuliwa. Mzee Reuben alivaa koti. Hata Elijah alikuja, akasimama mbali na mikono mfukoni. DC alisema maneno ya Kiingereza juu ya uaminifu. Padri akaomba. Kisha Mulei akaniashiria.

Nilisoma. Baada ya kila jina nilinyamaza kidogo, kwa sababu baada ya jina la kwanza mama mmoja nyuma alisema "Mjomba wangu," na nikaona wengine nao watahitaji nafasi. Jina la sita. Jina la saba nikasoma kama lilivyoletwa: "Maghanga wa Mwanjala, wa Sagalla. Kilwa." Watu wote wa kwetu walimtazama Baba. Alikuwa amesimama wima, kofia kifuani, mbele ya kila mtu. Hakuna aliyecheka.

Nikapumua. Nikasema, bila kubadili sauti, "Mwandawiro wa Kilelu, wa Sagalla. Kilwa." Nikaendelea na la nane.

DC alikuwa anatazama karatasi yake, akainua macho kidogo, akayarudisha chini. Nadhani alidhani amekosea kuhesabu. Karatasi ilikuwa na majina kumi na moja. Yaliyosomwa yalikuwa kumi na mawili. Mulei alikuwa anasafisha miwani yake kwa bidii.

Tarumbeta ikapigwa, tukanyamaza dakika mbili. Katikati ya kimya kile treni ikapita kuelekea kambi ya Mackinnon Road, madirisha yana waya, na kwenye waya vidole vya watu. Wazungu walitazama mawe. Sisi tulitazama treni. Elijah alitoa mikono mfukoni.

Wakio hakutazama mawe wala treni. Alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inarudia jina.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimelala mchana kutwa, nina mafua.

Jumapili, 21 Novemba

Baba alisimama kanisani akaomba kusema. Alisema. Ameacha uzee wa kanisa mwenyewe kabla hawajamwambia. Watu watatu walitoka nje. Mzee Reuben alihama kiti chake, akakokota mguu wake mbovu mpaka benchi la nyuma, akakaa karibu na Baba, na walipoimba wakashika kitabu kimoja.

Jumamosi, 27 Novemba

Mvua inazidi. Maharage yamepanda. Baba amepalilia shamba la Wakio lililo nje ya uzio, akiwa hajaambiwa aingie uani. Nimemwona Wakio akimtazama kupitia mlangoni. Hakumfukuza.

Jumamosi, 4 Desemba

Nairobi wamejibu kuhusu kile kiapo cha Baba. Mulei ameileta barua mwenyewe, amepanda mlima mzima na viatu vya ofisini. Wanasema jina la Mwandawiro wa Kilelu halimo kwenye vitabu vya jeshi, na kwamba kiapo cha Maghanga wa Mwanjala hakiwezi kupokelewa, kwa kuwa mtu huyo alikufa mwaka wa 1917.

Tulimsomea Wakio. Baba alikuwa amesimama nje ya uzio kama kawaida yake. Wakio alitaka nirudie mahali pa mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona Wakio akicheka mpaka kukosa pumzi.

"Wewe huko nje!" aliita. "Umesikia? Serikali imesema umekufa."

"Nimesikia," Baba alisema.

"Basi waache hivyo hivyo. Jina lile yeye alilibeba mpaka mwisho, na wewe ulilitupa. Ni lake. Mimi sitakuita tena kwa jina la mume wangu. Wewe ni Zephaniah."

Baba alisema, "Ndiyo."

"Ingia, Zephaniah. Unalowa."

Mulei alikunywa chai vikombe vitatu. Ameuliza kama shule ikifungwa nitakuwa nashuka Voi. Nimemwambia labda.

Alhamisi, 9 Desemba

Shule imefungwa. Watoto wote wamefaulu isipokuwa wawili, nao walikuwa bondeni kuchota maji miezi yote ile ya jua.

Jumapili, 12 Desemba

Leo Wakio alisema nije na daftari. "Hilo unaloandika usiku na mchana," alisema. "Uandike mambo yake. Jina peke yake si kitu, hata mbuzi ana jina." Kisha akasema nimwite na Zephaniah. "Mimi nilikaa naye miezi minane tu. Mambo ya utotoni anayajua yeye."

Wakakaa, mmoja upande huu wa moto, mwingine upande ule, mvua juu ya paa. Mwanzoni walizungumza na mimi tu, kila mmoja kwa zamu, kama watu walio ofisini. Wakio alisema Mwandawiro aliogopa konokono. Mwanaume mzima, akimwona konokono anaruka. Baba alisema ni kweli, na kwamba sababu anaijua, ni yeye aliyemtia konokono shingoni walipokuwa wanachunga. Wakio akamgeukia. "Kumbe ni wewe?" Baada ya hapo walisahau kwamba niko.

Nimeandika hivi: Alipiga mluzi akilima. Alikula haraka kama mtu atakayenyang'anywa. Alimletea Wakio siku ya harusi kitambaa chekundu na akasahau kukitoa, akakaa nacho ndani ya shati mpaka kesho yake. Alijua kila mbuzi kwa sauti. Alikuwa hajui kusema uongo, hata kidogo, na siku ile ya jina, Baba alisema, sauti yake ilipotoka uani ilikuwa ndogo.

Wakio akasukuma kuni ndani.

Kisha wakafika kwenye kovu la Mwandawiro. Baba anasema lilikuwa mguu wa kulia, kwa sababu yeye alikuwepo panga lilipoteleza. Wakio anasema lilikuwa mguu wa kushoto, na yeye ndiye aliyekuwa mke wake, atakosaje kujua? Wamebishana tangu saa tisa mpaka mvua ikakatika, wakinyoosha miguu yao wenyewe kuonyesha, na hakuna aliyekubali.

Nimeandika yote mawili.